Mei ya Okan Buruk, Juni ya Katwila

Mei 10, 2018, mjini Diyarbakır, kusini-mashariki mwa Uturuki, timu ya mji mdogo wa Akhisar iliifunga Fenerbahçe mabao 3-2 na kubeba Kombe la Uturuki. Kocha wake alikuwa Okan Buruk, kiungo wa zamani wa Galatasaray na Inter Milan. Siku 23 baadaye, Jumamosi ya Juni 2, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Mtibwa Sugar iliifunga Singida United mabao 3-2 na kubeba Kombe la Shirikisho la Azam. Kocha wake alikuwa Zuberi Katwila, kiungo wa zamani wa Mtibwa hiyohiyo.

Wote wawili walikuwa viungo enzi zao, wote walikuwa na timu za pembeni zisizo na fedha za kutisha, na wote walishinda fainali dhidi ya wapinzani waliopewa nafasi kubwa. Huyu wa kwetu alimshinda kocha wa Singida, Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa wa Bara 2015 na 2016. Ungekuwa mgeni usiyejua lolote kuhusu soka la nchi hizi mbili, ukaambiwa uchague nani kati yao atafika mbali, ungepata taabu.

Leo hakuna haja ya kuchagua. Baada ya Akhisar, Okan Buruk alipitia Rizespor, akapewa İstanbul Başakşehir na mwaka 2020 akaipa ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yake. Mwaka 2022 Galatasaray wakamrudisha nyumbani, na ubingwa wa Uturuki ukabaki kwake 2023, 2024 na 2025. Vijana wengi wa hapa wanamfahamu kama kocha wa Victor Osimhen. Katwila, kwa upande wake, aliondoka Mtibwa mwaka 2020 kwenda kuinusuru Ihefu iliyokuwa na hali mbaya, ikashuka, akaipandisha tena 2022, kisha Mtibwa wakamwita 2023 wakiwa wamekalia mkaa, na Mei 2024 wakashuka daraja naye akiwa benchi. Mwenzake alikuwa anakabidhiwa timu kubwa zaidi kila alipofaulu. Yeye alikuwa anakabidhiwa timu inayozama.

Nalisema hili nikiwa Mzinga, Morogoro, chini ya Uluguru, na sioni sababu ya kulipunguza makali. Soka letu lina tatizo na kocha mzawa, na tatizo hilo si kipaji. Hatumpi ngazi ya kupanda. Tunamwita wakati nyumba inaungua, akizima moto tunamshukuru, halafu tunamtafuta mtu mwingine wa kuishi ndani.

Najua jibu litakalotolewa haraka: Okan Buruk ni jina kubwa. Alikulia kwenye timu za vijana za Galatasaray, alikuwemo kikosini walipoifunga Arsenal kwa penalti na kuchukua Kombe la UEFA mwaka 2000, akaenda Italia, akawa na timu ya taifa iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 2002. Mtu wa namna hiyo, watasema, hawezi kulinganishwa na kiungo aliyecheza Turiani kwenye mashamba ya miwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wachezaji wetu wenye majina makubwa wangekuwa wanapata nafasi hiyo. Hawapati. Tumtazame Selemani Matola.

Mwaka 2003 Simba iliivua ubingwa wa Afrika Zamalek ya Misri. Walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Cairo, wakavuka kwa penalti na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Matola alikuwa kiungo wa kikosi kile, na akaitwa nahodha kwa miaka iliyofuata katika vinywa vya mashabiki wa Msimbazi. Alicheza pia SuperSport United ya Afrika Kusini. Kwenye ukocha hakutegemea sifa hizo. Alikwenda Iringa, akaichukua Lipuli, na Mei 2019 akaitoa Yanga kwa mabao 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Samora. Fainali walifungwa na Azam 1-0 kule Lindi. Lipuli, timu ambayo wachezaji wake walikuwa wakisikika zaidi kwa kudai posho kuliko kwa kudai makombe, ilifika hapo kwa sababu kulikuwa na mtu anayejua kupanga timu. Jina lipo, uzoefu wa nje upo, kazi ya mikono yake inaonekana. Desemba 2019 Simba wakamchukua, wakampa kiti cha kocha msaidizi.

Hapa ndipo ningependa msomaji arudi nami Januari 2020, kwa sababu mwezi ule ulikuwa umekusanya kila kitu ninachokisema.

Januari 4, Simba na Yanga walitoka 2-2 kwenye ligi. Simba waliongoza 2-0, Yanga wakarudisha yote mawili. Kwenye benchi la Yanga alikuwepo Charles Boniface Mkwasa, 'Master', kiungo wao wa zamani, aliyekabidhiwa timu kwa muda tangu Novemba baada ya Mwinyi Zahera kuondolewa. Kwenye benchi la Simba alikuwepo Matola, msaidizi wa Mbelgiji Sven Vandenbroeck aliyekuwa na mwezi mmoja tu nchini. Kurudisha mabao mawili mbele ya Simba ile si jambo dogo. Hata hivyo, siku chache baadaye Yanga walimkabidhi timu Mbelgiji mwingine, Luc Eymael. Kabla ya mwezi wa saba kwisha Eymael alikuwa ameshafukuzwa kwa maneno ya kibaguzi aliyoyatamka dhidi ya mashabiki wa Yanga, na dunia nzima ikayasikia.

Kisha Kombe la Mapinduzi. Mtibwa ya Katwila iliitoa Yanga kwa penalti nusu fainali, na Januari 13 pale Amaan ikaifunga Simba, mabingwa wa nchi, 1-0 na kubeba kombe. Yaani ndani ya siku kumi, viungo watatu wa zamani, wote Watanzania, walikuwa mstari wa mbele wa soka letu: mmoja kaimu, mmoja msaidizi, mmoja kocha mkuu wa timu ya kiwanda cha sukari. Na yule aliyekuwa na madaraka kamili, aliyeijenga timu yake kwa miaka mitatu bila kutazama mlango, ndiye aliyeondoka na kombe.

Sidhani kama ni bahati. Kwa mtu anayefuatilia soka la mkoa huu, kombe lile lilikuwa na ukoo. Morogoro ndiyo iliyotoa klabu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kuwa bingwa wa Tanzania, Mseto, mwaka 1975. Ilikuwa na Reli, Kiboko ya Vigogo, ambayo Simba na Yanga hawakupenda kuja kucheza nayo Jamhuri. Mwaka 1999 na 2000 ikaja Mtibwa ya John Simkoko, ikachukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo. Turiani iko chini ya milima ya Nguru, mbali na huku kwetu Uluguru, lakini siku zile hakuna mtu wa Mzinga, wa Kichangani wala wa Mafiga aliyejali ni mlima gani.

Kilichotokea baada ya ubingwa ule hakijasemwa vya kutosha. Manungu, uwanja wa Mtibwa, umezungukwa na miwa. Mchezaji wa Mtibwa aliishi pale, alifanya mazoezi pale, na jioni hakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwa wenzake. Timu haikuwa na fedha za kuleta kocha kutoka Ulaya, hivyo ilitazama ndani. Mecky Maxime, beki na nahodha wao, aliyekuwa pia nahodha wa Taifa Stars, akawa kocha wao, akaenda Kagera Sugar na kukaa huko misimu kadhaa. Salum Mayanga akaifundisha Mtibwa mpaka Januari 2017 alipoitwa Taifa Stars kuchukua nafasi ya Mkwasa. Alipoondoka hawakutangaza nafasi ya kazi. Wakamgeukia msaidizi wake, Katwila, wakamwambia endelea. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa Arusha na kombe mkononi, na msimu uliofuata akaivusha Mtibwa hatua moja ya Kombe la Shirikisho la Afrika kabla ya kutolewa na KCCA ya Uganda.

Huo ndio ulikuwa utaratibu mzima: mchezaji, msaidizi, kocha mkuu, kila mmoja akijua nafasi ya mbele iko wazi kwake akifanya kazi. Waturuki nao hawana siri zaidi ya hiyo. Tofauti ni kwamba kwao ngazi haiishii Akhisar. Ikifika Akhisar inaendelea mpaka Galatasaray.

Kuna swali la kwa nini viungo. Si makocha wote wazuri walikuwa viungo, na Juma Mgunda nitakayemtaja hivi punde alisifika kwa kufunga. Lakini kiungo analazimika kuzisoma pande zote mbili za uwanja tangu akiwa mdogo. Huku Mzinga, kwenye kiwanja cha vumbi kisicho mbali na mto unaoteremka kuelekea bwawa la Mindu, kuna mzee mmoja aliyecheza namba nane enzi zake, anafundisha watoto wa shule jioni. Hana koni, anapanga ndala na chupa tupu za maji. Mtoto anasimama katikati akisubiri pasi, na mzee anasimama nyuma yake, mgongoni kabisa, amenyanyua vidole. Kabla mpira haujamfikia, mtoto lazima ageuze shingo, avione vidole na kuvitaja kwa sauti. "Vitatu!" Halafu apokee, ageuke, atoe. Akipokea kabla ya kutaja, zoezi linaanza upya hata kama pasi aliyotoa ilikuwa safi. Nimewaona watoto wakilia kwa zoezi hilo wiki ya kwanza. Baada ya mwezi wanageuza shingo hata wakicheza wenyewe bila mzee.

Yule mzee hatakwenda Galatasaray, wala haombi. Ila namtazama najiuliza ni nani katika nchi hii anayemfuata mtu kama yeye akiwa bado na miaka thelathini na tano, amwambie nenda kasome, tutakulipia. Mashindano ya klabu ya CAF hayamruhusu kocha mkuu asiye na Leseni A. Kozi zake hazifanyiki kila mwezi, zinachukua muda, na kocha wa daraja la chini anayelipwa kwa kusuasua hawezi kuiacha familia akakae darasani kwa gharama zake. Kisha ikitokea nafasi, anaambiwa hana vyeti.

Sasa niseme juu ya makocha wa kigeni, nisije nikaeleweka vibaya. Ile Simba iliyoitoa Zamalek ilifundishwa na James Siang'a, Mkenya, na hakuna shabiki wa Simba atakayelisahau jina lake. Nasreddine Nabi aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2023, Fadlu Davids akaifikisha Simba fainali hiyohiyo 2025. Hawa wametufundisha mengi na wanastahili kila senti. Ninachokikataa ni kufungwa kwa mlango. Tangu Azam ichukue ubingwa 2014 chini ya Joseph Omog wa Cameroon, mabingwa wote wa Bara hadi 2025 wamekuwa na makocha wa kigeni: Pluijm, Lwandamina, Lechantre, Aussems, Vandenbroeck, Gomes, Nabi, Gamondi, Hamdi. Hakuna Mtanzania hata mmoja katika orodha hiyo, na haiwezekani awepo, kwa sababu hakuna Mtanzania aliyeanza msimu kamili Simba, Yanga wala Azam akiwa na mkataba wa kocha mkuu, wachezaji aliowachagua mwenyewe na Julai nzima ya kuwaandaa katika misimu hiyo ya ubingwa.

Wakipewa nafasi ya dharura wanafanya nini? Septemba 2022 Simba waliachana na Zoran Maki wakampa timu Juma Mgunda kutoka Coastal Union, mambo yakiwa yamewaka. Aliitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi nyumbani na ugenini, kisha akaenda Luanda akaifunga Primeiro de Agosto 3-1, marudiano 1-0, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho wa Brazil, Mgunda akarudi nyuma. Aprili 2024 kocha wao wa wakati huo, Abdelhak Benchikha, akaondoka, wakaitwa tena Mgunda na Matola kumalizia msimu. Walimaliza. Wakashukuriwa.

Taifa Stars nako ni hivyohivyo. Hemed Suleiman 'Morocco' alipokea timu katikati ya AFCON ya Januari 2024 baada ya kocha mkuu Adel Amrouche kufungiwa. Novemba 19 mwaka huohuo aliifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa na kutupeleka AFCON ya Morocco. Agosti 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, wiki chache kabla ya mashindano aliyotupeleka yeye, mkataba wake ukavunjwa na timu akapewa Miguel Gamondi. Gamondi alifanya vizuri, Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia, na nilishangilia kama kila mtu. Lakini kushangilia hakunizuii kuona kwamba aliyelima shamba aliondolewa mavuno yakiwa yameiva, na kwamba kila kocha kijana wa Kitanzania aliyekuwa anatazama aliupata ujumbe.

Kwa nini viongozi wanafanya hivi? Nadhani ni woga zaidi kuliko dharau. Kiongozi wa klabu kubwa anachaguliwa na wanachama, na wanachama wanataka matokeo Jumamosi. Akimleta mgeni na timu ikafungwa, lawama inapanda ndege pamoja na mgeni. Akimpa mzawa na timu ikafungwa, ataulizwa yeye kwa nini alikuwa bahili. Mgeni ni kinga yake. Na sisi wa magazeti na redio tunaisaidia kinga hiyo. Kocha wa kigeni akifungwa tunachambua mfumo wake, namba sita wake alikaa wapi, kwa nini beki wa kushoto alipanda. Mzawa akifungwa tunauliza kama ana hadhi ya kuwaamrisha mastaa. Swali hilo hatujamuuliza mgeni hata siku moja, hata yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia kabla ya picha za uwanja wa ndege.

Kuna jambo katika maisha ya Okan Buruk ambalo ningetaka viongozi wetu walisome kuliko makombe yake. Kazi yake ya kwanza ya ukocha mkuu ilikuwa Elazığspor, na msimu huo, 2014, timu ikashuka daraja. Akapita Gaziantepspor, Sivasspor na Göztepe, klabu ya Izmir aliyojiunga nayo baadaye kijana wetu Novatus Miroshi, bila kukaa muda mrefu popote. Hapa kwetu faili lake lingekuwa limefungwa. Angeitwa kocha wa kushusha timu, kama wanavyotaka kumwita Katwila baada ya yaliyoikuta Mtibwa 2024. Waturuki waliangalia anavyofanya kazi, wakampa Akhisar. Na Akhisar yenyewe ilishuka mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka na kombe, ndipo watu wakaelewa alikuwa ameishikilia kwa kiasi gani.

Mtibwa imerudi Ligi Kuu 2025 ikiwa bingwa wa Championship, na aliyeipandisha ni Awadh Juma 'Maniche', kiungo mwingine wa zamani wa klabu hiyo. Ukoo haujafa. Lakini ilipofika Ligi Kuu timu akapewa Mkenya Yusuf Chippo. Ni kocha mwenye heshima yake, ila hata Manungu, mahali palipotufundisha utaratibu huu, wameanza kuwa na hofu ya watu wa mjini.

Mwaka 2022 Galatasaray walimaliza ligi wakiwa nafasi ya 13, aibu ambayo klabu hiyo haikuwa imeizoea. Katika saa hiyo mbaya walimwita mtoto wao, wakampa mkataba, fedha za usajili na maandalizi ya msimu tangu mwanzo. Mwaka 2024 Simba walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, na wazawa wawili, Mgunda na Matola, ndio waliokuwa wamemaliza msimu. Walitafuta kocha nje ya nchi, wakampata mzuri. Davids alipoondoka Septemba 2025, hesabu ikarudi palepale: kaimu, halafu ndege.

Ninachoomba kinaandikika kwenye karatasi moja. Mkataba wa misimu miwili, usainiwe Juni, kwa Mtanzania mwenye leseni aliyeshafika fainali au kubeba kombe na timu isiyo na fedha, na watu wa namna hiyo tunao. Awe na sauti kwenye usajili. Achague wasaidizi wake, hata mmoja akiwa mgeni anayemfundisha kazi. Na kifungu kimoja kiseme kwamba hataondolewa kwa sare tatu za mwezi wa kwanza. Klabu itakayoanza ifanye hivyo dirisha la usajili likiwa bado wazi, timu ikiwa haijapoteza mechi hata moja, na hakuna moto wowote wa kuzima.